Fundi Afuta Kompyuta Yake

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa karakana ya ushonaji. Kulikuwa na cherehani, meza ndefu ya kukatia, kioo kirefu ukutani, na kompyuta kwenye kona. Kompyuta ilifunikwa kitambaa ili vumbi la pamba lisiingie. Mwenye karakana aliitwa Fundi. Mafundi wengine walikuwepo mtaani, lakini ukisema Fundi tu, bila kuongeza neno, watu walijua unamsema mama huyu.

Fundi alifanya kazi ambayo wenzake waliikimbia. Aliwashonea watu ambao nguo za dukani ziliwakataa. Kuna mwenye bega lililopanda, mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye mgongo uliopinda, na anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu. Alimpima kila mmoja, kisha akachora kwenye kompyuta vipande vya nguo yake: mgongo, kifua, mikono na kola. Mteja akirudi, Fundi alifungua mchoro, akauchapisha, akakata kitambaa. Michoro hiyo ilikuwa jasho lake la miaka mingi. Aliijivunia waziwazi, na sioni kwa nini asiijivunie. Aliionyesha hata kwa watu waliopita kuomba maji ya kunywa.

Kitu kimoja Fundi hakukipenda: kutafuta vitu. Mkasi aliufunga kwa utepe kwenye mguu wa meza. Futi ya kupimia ilikuwa na utepe wake, na chaki vilevile. Hata flashi yenye nakala za michoro aliifunga kwa utepe mwekundu kwenye kompyuta. Flashi hiyo ilikaa imechomekwa asubuhi, mchana na usiku.

"Hapa hakipotei kitu," alisema.

"Siku moja utanifunga na mimi," alitania mumewe, ambaye alikuwa mwokaji mikate.

"Wewe ukipotea, nani atakuokota?"

Siku moja alikuja mkufunzi wa chuo cha ushonaji kuchukua koti lake. Bega lake la kushoto lilishuka kuliko la kulia. Alilivaa koti, akasimama mbele ya kioo, akageuka upande huu na upande ule. Alijipapasa bega la kushoto, kisha la kulia.

"Nimefundisha watu kushona makoti tangu ujana wangu," mkufunzi alisema mwishowe. "Hili ndilo la kwanza kunikaa mimi mwenyewe."

Kisha akasema jambo lililompa Fundi usingizi wa mang'amung'amu. Alimtaka aende chuoni wiki inayofuata, na michoro yake yote. Wanafunzi walijua kumshonea mtu aliyenyooka tu. Yeye awaonyeshe kazi ya kweli.

"Michoro yangu? Mbele ya darasa zima?" aliuliza Fundi.

"Michoro yako, mama. Hatuna mwingine aliye nayo."

Fundi alijaribu kuficha tabasamu, akashindwa.

Jioni hiyohiyo mteja mmoja alileta picha za gauni alilolitaka. Picha zilikuwa kwenye flashi. Fundi aliichomeka kama alivyozoea, maana wateja wengi walileta picha kwa njia hiyo. Wakatazama gauni, wakacheka, mteja akaenda zake. Kabla ya kufunga, wateja wengine kadhaa walichomeka flashi zao vilevile.

Asubuhi yake mambo yaliharibika. Kila folda ya michoro ilikuwa na kimshale kidogo kwenye picha yake. Alipoibofya, haikufunguka. Kompyuta ilijikokota kana kwamba imenyeshewa mvua. Halafu dirisha likajitokeza lenyewe, na maandishi mekundu: "Kompyuta yako ni mgonjwa! Bofya hapa isafishwe bure!"

Mumewe alikuwa ametoka tu kazini, nywele zimejaa unga. Kwenye tanuri hana mpinzani. Kwenye kompyuta, tumsitiri.

"Si hao wanasema watasafisha bure?" alisema, akabofya.

Badala ya dirisha moja, yakaja mengi. Yalifunguka moja juu ya jingine, mengine na picha za aibu. Mume alijitia kufuta vimshale kimoja kimoja. Akimaliza, vinarudi. Wakatazama flashi ya utepe mwekundu. Nayo ilikuwa imejaa vimshale vilevile. Fundi alimsogeza mumewe pembeni. Alibonyeza kitufe cha kuzima, akakishikilia mpaka kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Nitamwambia nini mkufunzi?" aliuliza. "Niende nikawaonyeshe mikono mitupu?"

Nyumba ya tatu kutoka hapo aliishi mwanamke aliyetunza kompyuta za hospitali. Mtaa ulimpa jina la Waya, kwa sababu mkoba wake haukukosa nyaya. Fundi alikwenda kumgongea mlango. Waya alikuja na kandambili zake, akasikiliza yote.

"Nani amebofya lile dirisha?"

"Baba watoto."

"Nilikuwa nasaidia!" mume alijitetea.

"Shemeji, ahsante kwa msaada. Sasa kaa mbali na hicho kitu." Waya alichomoa waya wa mtandao nyuma ya kompyuta. "Kwanza, isiguse mtandao. Pili, msichomeke flashi yoyote, wala simu. Hii ni programu hasidi, ndiyo watu wanaita virusi. Inarukia kila kinachochomekwa."

"Sasa utaipa dawa?" aliuliza Fundi.

"Naweza. Ipo programu ya kuua virusi, na mara nyingine inatosha. Lakini hapa vimeingia ndani kabisa, na kile mlichobofya kimekaribisha vingine. Nikivisafisha juu juu, siwezi kukuapia kwamba hakuna kilichobaki kimejificha. Hebu niambie, nguo ikiingia chawa kwenye mishono, wewe unafanyaje?"

"Siwaokoti mmoja mmoja. Naichemsha yote."

"Na hii tutaichemsha yote. Tutafuta diski nzima, tuweke mfumo mpya."

Fundi alisimama. "Kufuta? Jirani, mle ndani mna maisha yangu!"

"Sikiliza, mwenzangu. Hatutafuta kitu mpaka tuokoe michoro, na mpaka wewe mwenyewe uifungue na kuridhika. Tumeelewana?"

"Lakini mimi nina nakala." Fundi alionyesha flashi ya utepe mwekundu, kwa sauti ndogo.

Waya aliinama, akaitazama. "Hii huwa unaichomoa?"

"Hata siku moja."

"Basi imelala kitanda kimoja na mgonjwa. Nakala ya akiba inachomolewa, inawekwa mbali. Ikikaa humo muda wote, kinachoua kompyuta kinaiua na yenyewe."

Fundi alijisikia vibaya. Aliifunga flashi ile ili isipotee, na kumbe kuifunga ndiko kulikoiponza. Mume alifungua mdomo apate kutania. Mkewe alimkata jicho, akaufunga.

Kabla ya kuondoka, Waya alimwagiza Fundi abadilishe neno la siri la barua pepe, kwa sababu maagizo ya wateja yalipitia huko. "Tumia simu, usitumie hii kompyuta. Programu kama hizi zinaweza kusoma kila unachoandika. Ukibadilishia hapa, unawapa wezi neno jipya."

"Neno la sasa ni jina la mume wangu."

"Hilo kila mtu analijua. Weka maneno kadhaa yasiyohusiana, marefu, ambayo hujayatumia mahali pengine."

"Kwa hiyo wa kwanza kufutwa ni mimi," alisema mume. Hapo hata Fundi alicheka.

Kesho yake Waya alikuja baada ya kazi. Alileta diski ya nje isiyo na kitu, na flashi aliyoitayarisha kwenye kompyuta safi. Mama mkwe wa Fundi naye alikuwapo. Aliishi mtaa wa pili, lakini habari ya kompyuta ilimfikia kabla ya chai. Alikaa karibu na cherehani, mikono imekunjwa, kama hakimu.

"Leo hatuiwashi kama kawaida," alieleza Waya. "Tukifanya hivyo, virusi vinaamka nayo. Tutaiwasha kwa mfumo mwingine, uliomo ndani ya flashi yangu. Ule mgonjwa utaendelea kulala, sisi tutapita tuchukue vitu vyetu."

Kioo kiliwaka na rangi ambazo Fundi hakuwahi kuziona. Waya alifungua diski. Vimshale vilikuwepo vyote. Lakini pembeni yake, kwa rangi ya kufifia, zilikuwepo folda nyingine zenye majina yaleyale.

"Hizo ni nini?"

"Ni folda zako. Hazikufutwa. Zilifichwa tu, na mahali pake pakawekwa vimshale vya uongo ili ukivibofya viendelee kusambaa."

Fundi alipiga kelele. Mama mkwe aliruka kwenye kiti, akauliza nani amekufa.

"Hakuna, mama! Michoro iko hai!"

Walianza kunakili kwenye diski ya nje. Walichukua michoro, picha na vipimo vya wateja. Fundi alitaka wachukue pia programu ya kuchorea, wasije wakahangaika.

"Hapana," alisema Waya. "Programu ndizo zinazobeba ugonjwa. Hizo tutazipakua upya kwenye tovuti ya waliozitengeneza. Yako uliinunua?"

"Niliinunua. Namba ya leseni iko kwenye barua pepe."

"Safi. Hutaomba ya wizi ya mtaani."

Kisha Waya alimpa kiti. "Kaa. Fungua mchoro mmoja mmoja. Nakala usiyoifungua huwezi kuitegemea."

Fundi alifungua. Suruali ya dereva mwenye mguu wa bandia ilikuwepo. Gauni la bibi mwenye kibiongo lilikuwepo. Kila mchoro uliofunguka alimtaja mwenye nguo kwa sifa zake, na mama mkwe akaitikia, "Namjua huyo!" Walifika kwenye koti la mkufunzi. Halikufunguka. Alijaribu tena. Halikufunguka.

"Labda liliharibika ulipoizima kwa nguvu," Waya alisema. "Hukuwa na nakala yake?"

Wote walitazama flashi ya utepe mwekundu. Fundi alichukua mkasi. Akaukata utepe. Waya alifungua flashi ndani ya mfumo uleule wa salama. Humo namo folda zilikuwa zimefichwa. Koti la mkufunzi lilikuwemo, zima, na kola yake na bitana yake.

"Flashi yako imejitahidi," alisema Waya. "Ila nayo lazima ifutwe, kisha itatafutiwa kazi nyingine."

Michoro ilipokamilika, Waya alichomoa diski ya nje na kuiweka mezani, mbali na kompyuta. "Tusije tukafuta kisichotakiwa," alisema. Akachomeka flashi nyingine yenye mfumo mpya, alioupakua kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe. Kioo kilionyesha sehemu zote za diski ya zamani.

"Tunaondoa sehemu zote, hatubakizi hata moja. Bonyeza hapo."

"Mimi?"

"Kompyuta ni ya nani?"

Fundi alimtazama mumewe, akamtazama mama mkwe. Alipiga moyo konde. Hivi ndivyo alivyokuwa akikata kitambaa cha bei mbaya: anapima, anapima tena, halafu haogopi. Akabonyeza. Sehemu zile zilitoweka, ikabaki diski tupu.

"Umefuta?" aliuliza mama mkwe.

"Nimefuta, mama. Kwa kidole changu."

"Vizuri. Usije ukawaambia watu ni mwingine aliyefuta."

Mfumo mpya ulipokwisha kuingia, Fundi alitaka kurudisha michoro palepale. Waya alimzuia. Kwanza waliunganisha mtandao, wakaacha kompyuta ichukue masasisho yake yote, maana masasisho huziba matundu ambayo virusi hupitia. Wakahakikisha kinga dhidi ya virusi imewashwa. Wakazuia flashi zisijifungue zenyewe zikichomekwa. Halafu wakatengeneza akaunti mbili.

"Moja ni ya kusimamia kompyuta, na neno lake la siri unalo wewe," alisema Waya. "Nyingine ni ya kazi za kila siku. Kitu kikitaka kujisakinisha, kompyuta itaomba ruhusa kwanza. Kama hukukiita wewe, kikatae."

"Na madirisha ya kusafisha bure?" aliuliza mume.

"Shemeji, kompyuta haitangazi ugonjwa wake kwa tangazo la biashara. Funga, usibofye."

Mwisho walichomeka diski ya nje. Waya aliichunguza yote kwa kinga ile, na ilipoonekana safi, michoro ikarudi nyumbani. Kuanzia hapo nakala zilikuwa kwenye diski mbili, na hakuna iliyoachwa imechomekwa. Fundi aliichomeka moja mwisho wa wiki, akanakili, akaichomoa, akaiweka kabatini. Ya pili alipewa mama mkwe, ili hata nyumba ikipata balaa, kazi ibaki. Wawili hao walipanga kubadilishana diski kila mwezi. Mama mkwe aliiweka pamoja na hati ya nyumba yake. Hakuruhusu hata wajukuu waitazame.

Kulibaki jambo moja.

"Wateja waliochomeka flashi zao hapa tangu juzi," alisema Waya, "huenda wameondoka na virusi. Inabidi uwaambie."

"Watasema karakana yangu ni chafu."

"Watasema hukuwaficha."

Fundi hakulipenda neno hilo, lakini alijua ni kweli. Alichukua simu, akawapigia mmoja mmoja. Aliwaambia wasizifungue flashi zao kabla hazijachunguzwa. Mmoja alimfokea mpaka simu ikataka kupasuka. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akaomba radhi. Wengine walishukuru, na mmoja alisema kompyuta ya ofisini kwake imeponea chupuchupu. Alipoweka simu chini, masikio yalikuwa ya moto. Roho ilikuwa imetulia.

Siku ya chuo ilifika. Fundi alivaa gauni alilojishonea. Mumewe aliomba ruhusa kazini ili ambebee kompyuta, na mama mkwe alikuja bila kualikwa, akaketi mstari wa mbele. Mkufunzi alikuja na koti lake. Mchoro wa koti hilo ulipoangazwa ukutani, mkubwa kama mlango, wanafunzi walisogeza viti mbele. Fundi alieleza jinsi bega lililoshuka linavyobadilisha kwapa, na kwapa linavyobadilisha mkono mzima. Majina ya wateja alikuwa ameyaondoa kwenye michoro, maana siri ya mwili wa mtu ni yake. Sauti yake ilianza chini, ikapanda yenyewe.

Alipomaliza, wanafunzi walimzonga. Mmoja alikuwa tayari ameshika flashi, anaielekeza kwenye kompyuta.

"Hiyo hapana, mwanangu," Fundi alisema, akalifunika tundu kwa kiganja. "Usione nakunyima. Kompyuta hii niliifuta yote na kuijenga upya, na sitaki kurudia. Andika anwani yako ya barua pepe, mchoro utakufikia leo."

"Mama, uliifuta mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na nyinyi nitawaeleza, kwa sababu michoro mtakayochora mtaiweka wapi kama si humo?"

Akawaeleza kuokoa kwanza, kufungua nakala kuona kama ni nzima, kufuta yote, kusasisha, ndipo kurudisha. Mume, nyuma ya darasa, alitikisa kichwa kama mtaalamu. Aliongeza kwa sauti kwamba madirisha ya bure yasibofywe, yeye anajua.

Mchana kila mwanafunzi alikata nguo yake. Mmoja wao alikuwa msichana mwenye mguu mmoja mfupi. Tangu alipoanza chuo, alivaa sketi za kuburuta. Siku hiyo alichukua mchoro wa suruali wa Fundi, akaubadilisha kwa vipimo vyake, akapiga bandi ili vipande vishikane, akashona. Jua lilikuwa bado juu alipotoka chumba cha pili ameivaa. Kiuno kilikuwa sawa. Pindo zote mbili ziligusa kiatu sawasawa. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, taratibu, kisha akatembea tena bila kuangalia chini.

Wenzake walipiga makofi. Mkufunzi alivua miwani, akajifanya anaifuta.

"Mnamwona yule aliyechora?" mama mkwe alisimama na kulitangazia darasa zima. "Yule ni mke wa mwanangu!"

Fundi alilia, na hakujificha. Aliona fahari. Kama michoro ingepotea, msichana huyu angerudi nyumbani na sketi yake ileile. Alijifuta macho kwa mkono wa gauni, akamsogelea.

"Zunguka," alimwambia. "Tuone na nyuma."